Bastola ya 1889 Ambayo Haikuwapo 1889: Uchambuzi wa Kisa

Majina ya jumba la makumbusho, ya mji, ya familia na ya watumishi waliohusika yameondolewa, na namba ya silaha yenyewe haitajwi. Kisa ninawaandikia wenzangu wanaoitwa kuandika au kuhakiki maelezo ya Kiswahili kwenye maonyesho ya vitu vya enzi ya Mjerumani. Kazi hizi zinaongezeka, na wanaotuita hudhani tunachotakiwa kuleta ni lugha tu.

Usuli

Jumba hilo ni dogo, la mkoa, kusini mwa Ujerumani. Lilikuwa linatayarisha maonyesho ya lugha tatu, Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili, kuhusu watu wa mkoa huo waliokwenda Afrika Mashariki katika karne ya 19. Kabati moja lilitengwa kwa ajili ya vita vya pwani vya 1888 hadi 1890, ambavyo kwetu huitwa vita vya Abushiri. Ndani ya kabati hilo kitu kikubwa kilikuwa bastola, pamoja na kitako chake cha mbao na mkoba wa ngozi.

Kadi ya maelezo ya Kijerumani ilisema mambo matatu. Kwamba ni bastola ya Luger. Kwamba ilibebwa na ofisa mdogo wa kikosi cha Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo, mwaka 1889. Na kwamba ofisa huyo alikuwa nayo mkononi siku Abushiri bin Salim alipokamatwa.

Nilipewa maneno hayo niyaandike kwa Kiswahili. Muda ulikuwa mfupi, na mhifadhi alitaka sentensi zisizozidi nne.

Shaka ya kwanza

Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tarehe hiyo ninaijua tangu shule, na mtu yeyote wa pwani ya Tanga anayejali historia anaijua. Jina la Luger nalo ninalijua kidogo: bastola ya kwanza ya Georg Luger kukubaliwa na jeshi lolote ni ile ya Uswisi, mwaka 1900. Miaka kumi na moja inatenganisha mambo hayo mawili, na kadi ilikuwa imeyaweka katika siku moja.

Kabla ya kumwandikia mhifadhi nilimpigia mwalimu mstaafu wa historia aliyezaliwa Pangani. Nilitaka kusikia jinsi kukamatwa kwa Abushiri kunavyosimuliwa huko.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hiyo kadi yao."

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hapo mna matatizo mawili. La bastola mtaliangalia ninyi wenyewe huko. Lakini Abushiri hakukamatwa na Mjerumani mwenye bastola mkononi. Wenyeji ndio waliomshika, wakamtoa kwa Wajerumani. Hiyo picha ya ofisa mmoja shujaa imetoka wapi?"

Swali lake likawa ndilo swali la kazi yote. Nilimwandikia mhifadhi kwamba sitaandika Kiswahili cha kadi hiyo mpaka silaha itazamwe upya, nikaeleza sababu zote mbili. Kwa heshima yake niseme kwamba hakuchukia. Alijibu siku hiyo hiyo, akaniuliza kama ningependa kuwapo wakati wa kuitazama.

Mezani

Sheria za Ujerumani kuhusu silaha ni kali, na jumba hilo lilimwita fundi silaha mwenye leseni. Yeye ndiye aliyeishika kwanza. Akachomoa magazini kutoka kwenye mpini, akavuta kiungo cha juu mpaka chemba ikafunguka, akaingiza mwanga wa tochi, akahakikisha hakuna risasi. Baada ya hapo ndipo ikawekwa juu ya kitambaa cheupe na sisi wengine tukaruhusiwa kusogea.

Mtu aliyewahi kuona picha ya Luger angeweza kudanganyika kwa sekunde chache. Mtutu mwembamba upo, na kiungo kile kinachokunjika kwenda juu kipo. Lakini umbo zima ni jingine. Mpini unakaribia kusimama wima, na umewekwa karibu katikati ya silaha badala ya mwishoni. Nyuma ya mkono kunatokeza kasha la chuma la mviringo, kubwa, kama kwamba silaha imeongezewa mgongo. Urefu wake ni takriban sentimita 35, na uzito unazidi kilo moja bila kitako. Ukiishika kwa mkono mmoja unahisi mara moja kwamba imetengenezwa ishikwe pamoja na kitako begani.

Fundi akatuonyesha maandishi kwenye chuma. Upande mmoja yalisomeka *System Borchardt Patent*. Palikuwa pia na namba ya hataza (haki ya mvumbuzi, yaani patenti) ya Kijerumani, 75837. Na chini kidogo, jina la kiwanda: *Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, Berlin*.

Maandishi hayo matatu yalitosha kumaliza habari ya mwaka 1889. Hapa inafaa nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo mafunzo ya kitaalamu yalipo.

Silaha yenyewe

Hugo Borchardt alizaliwa Magdeburg mwaka 1844, akahamia Marekani akiwa kijana, na huko akafanya kazi kwenye viwanda kadhaa vya silaha. Bunduki ya Sharps-Borchardt ya 1878 ni kazi yake. Baadaye alirudi Ulaya, akapitia kiwanda cha silaha cha Budapest, kisha akaajiriwa na Ludwig Loewe wa Berlin, kampuni iliyoanza mwaka 1869 kwa nia ya kutengeneza cherehani na hatimaye ikawa mtengenezaji mkubwa wa silaha. Hataza ya bastola yake ni ya Septemba 1893, na ndiyo maana inaitwa C-93. Hii ndiyo bastola ya kwanza inayojipakia kuuzwa kwa kiasi cha maana. Waaustria walikuwa wamejaribu miundo yao mwaka mmoja kabla, lakini hakuna uliofika sokoni kwa namna hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi ndilo jambo linaloiunganisha na Luger na pia, kwa bahati mbaya, na historia yetu. Risasi ikilipuka, mtutu na kipande kinachoziba chemba hurudi nyuma pamoja, vikiwa vimefungana. Nyuma ya kipande hicho kuna vyuma viwili vilivyoungwa. Vikiwa vimenyooka havikubali kusukumwa, kama goti lililokazwa. Baada ya mwendo mfupi chuma cha nyuma hukutana na mpindo ndani ya kasha, goti linakunjika kwenda juu, chemba inafunguka, ganda tupu linarushwa nje. Kisha springi inanyoosha goti tena, na risasi mpya inasukumwa kutoka kwenye magazini ya risasi nane iliyo ndani ya mpini. Mpigaji hana kazi ila kuvuta kifyatulio tena.

Wazo la goti hilo lilikwishatumika kwenye bunduki ya mashine ya Maxim, ambayo Loewe alikuwa akiitengeneza Berlin kwa leseni. Borchardt alilipunguza likaingia mkononi. Springi yake aliitengeneza kwa bamba la chuma lililoviringishwa, la namna ya springi ya saa, na hilo ndilo linalokaa ndani ya mgongo ule wa mviringo.

Ilikuwa silaha yenye shabaha nzuri, hasa ikiwa na kitako. Lakini ilikuwa ndefu, ghali, na springi yake ilihitaji kurekebishwa na mtu anayejua. Jeshi la Uswisi liliijaribu mwaka 1897 pamoja na washindani wake, halikuichukua. Kazi ya kuirekebisha akapewa Georg Luger, mtu wa Tirol nchini Austria aliyekuwa ameajiriwa na Loewe mwaka 1891. Luger aliinamisha mpini ukakaa kimkono, akaondoa springi ya saa na kuweka springi ya bapa ndani ya mpini, mgongo ule ukatoweka, na ganda la risasi likafupishwa kutoka milimita 25 hadi 21. Uswisi ikakubali silaha hiyo mpya mwaka 1900. Jeshi la majini la Ujerumani likaifuata 1904, na jeshi la nchi kavu 1908.

Kwa hiyo anayeiita Borchardt "Luger" anaita baba kwa jina la mtoto.

Namba ya hataza peke yake inaitoa bastola hii nje ya 1889. Jina la kiwanda linabana zaidi. Bastola za kwanza, takriban 1,100, zilitoka zikiwa na jina la Loewe. Mwaka 1896 biashara ya silaha ya Loewe iliunganishwa na viwanda vya risasi na ndipo jina la Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken likaanza, kwa kifupi DWM. Chini ya jina hilo zilitengenezwa kama 2,000 nyingine. Bastola ya mezani ilikuwa miongoni mwa hizi za pili. Haikuweza kuwapo duniani kabla ya 1896, na Abushiri alikuwa na miaka saba kaburini.

Fundi aliongeza jambo ambalo watu wa maonyesho hulisahau. Mwaka 1889 silaha ya mkononi ya jeshi la Ujerumani ilikuwa rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya mfano wa 1879 au wa 1883, ya milimita 10.6. Hata Mauser C96, ambayo watu wengi huichora mikononi mwa kila Mjerumani wa zamani, ilianza kutengenezwa 1896. Bergmann za kujipakia nazo ni za miaka hiyo hiyo ya 1890. Mtu akikuonyesha bastola ya Kijerumani isiyo na silinda akasema ni ya vita vya Abushiri, unaweza kukataa kabla hujaisogelea.

Karatasi

Baada ya chuma tukaenda kwenye makaratasi, na hapa mhifadhi alifanya kazi nzuri sana. Alitoa daftari la kupokelea vitu. Siku bastola ilipotolewa zawadi na familia, karani aliandika mstari mmoja tu: bastola, kitako cha mbao, mkoba wa ngozi, jina la mtoaji. Afrika haikutajwa. Wissmann hakutajwa.

Neno "Afrika Mashariki" lilionekana mara ya kwanza kwenye kadi iliyopigwa taipu miaka mingi baadaye. Kadi iliyofuata ikaongeza "1889". Ile ya mwisho, iliyoandikwa kwa ajili ya maonyesho ya zamani, ndiyo iliyomleta Abushiri. Kila aliyeandika aliongeza kidogo juu ya aliyemtangulia, na hakuna aliyerudi kwenye daftari.

Familia ilikuwa bado na karatasi za utumishi za babu yao. Zilithibitisha kwamba alikuwa kweli katika kikosi cha Wissmann, na kwamba alirejea kwao na hakuondoka tena. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa ya kweli: mzee alipigana pwani ya Afrika Mashariki, na mzee alikuwa na bastola. Inaelekea aliinunua nyumbani, miaka baada ya kurudi, zilipokuwa zikiuzwa kwa raia wenye uwezo. Wajukuu waliokua wakisikia habari za vita na kuiona bastola ukutani waliyaunganisha. Sioni uongo hapo. Ni kumbukumbu ya nyumba, na kumbukumbu za nyumba zote hufanya hivyo.

Maamuzi yaliyofanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: kadi ya zamani ikaondolewa, katika lugha zote.

Wa pili ulikuwa mgumu. Msimamizi wa maonyesho hakutaka kabati la vita libaki bila kitu cha kuvutia macho. Akapendekeza kwamba, kwa kuwa bastola ni ya baada ya 1896, isogezwe kwenye vita vya Wahehe, kwani Mkwawa alifariki tarehe 19 Julai 1898 na mwaka unaruhusu. Aliyasema kwa nia njema. Alikuwa anatafuta mahali pa kukiweka kitu.

Nilipinga, na mhifadhi akaniunga mkono. Mwaka kuruhusu jambo si ushahidi kwamba jambo lilitokea. Karatasi za utumishi zilimweka mzee huyo Ujerumani wakati wa vita vya Wahehe. Tungekuwa tumemwondoa Abushiri mikononi mwa hadithi moja na kumtia Mkwawa ndani ya nyingine, na safari hii kwa makusudi. Watu wa Kalenga na Iringa wana haki ya kutosomewa habari ya kubuni kuhusu mtu wao, kama walivyo nayo watu wa Pangani.

Wa tatu ulikuwa kuhusu maneno ya Kiswahili. Niliomba kadi mpya itaje kwamba maelezo ya awali yalikuwa na makosa, badala ya kubadilishwa kimyakimya. Sababu yangu ni kwamba picha za kadi ya zamani zilikwishasambaa, na msomaji wa Tanga akikutana na matoleo mawili lazima ajue lipi limesahihisha lipi. Hili lilijadiliwa sana. Mwishowe lilikubaliwa kwa sentensi moja.

Matokeo

Bastola ilihamishwa kwenye chumba cha ufundi wa viwanda, ambako inaonyeshwa kama Borchardt C-93 iliyotengenezwa na DWM, na chati ndogo inayoonyesha goti linavyokunjika. Huko imepata watazamaji wengi kuliko ilivyokuwa kwenye kabati la vita, kwa maelezo ya walinzi.

Kabati la vita lilipewa karatasi za utumishi za mzee, ramani ya pwani kutoka Pangani hadi Bagamoyo, na maandishi marefu zaidi kuhusu Abushiri na Bwana Heri wa Saadani, kiongozi mwingine wa vita hivyo. Maelezo ya kukamatwa kwa Abushiri yaliandikwa kwa kumshirikisha yule mwalimu wa Pangani, na alilipwa ujira wake kama mtaalamu. Ninalitaja hili la malipo kwa sababu mara nyingi wazee wetu hupigiwa simu, hutoa elimu ya maisha yao yote, kisha hushukuriwa kwa maneno tu.

Familia iliumia. Mjukuu mmoja aliandika barua kali, na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kuhusu kuazima barua za mzee kutoka Afrika yakasimama. Mpaka ninapoandika hayajaanza tena.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kutafuta ile alama ya mwisho kwa umri. Wengi hutazama tarehe ya zamani kuliko zote iliyo kwenye kitu, na kwenye bastola hii ingekuwa hataza ya 1893. Tarehe ya kitu haitokani na hiyo. Inatokana na alama changa kuliko zote, kwa sababu kitu hakiwezi kuwa kikongwe kuliko jina la kiwanda kilichokitengeneza. Kwa kila silaha ya miaka hiyo ningeanza na swali hilo: jina lililopigwa kwenye chuma lilianza kutumika lini?

Jambo jingine lililofaa ni kutenganisha kitu, mwenye kitu, na habari ya kitu. Tulipoviweka pamoja tulikuwa na ugomvi mmoja mkubwa usioshikika. Tulipovitenganisha tukakuta kitu ni halisi, mwenyewe alikuwa Afrika kweli, na habari ndiyo isiyosimama. Hapo kila mmoja mezani aliweza kuzungumza bila kujiona anashambuliwa.

Kumpigia mtu wa Pangani mapema kulileta jambo ambalo fundi silaha asingeweza kulileta. Chuma kiliweza kusema kwamba bastola haikuwapo. Hakikuweza kusema kwamba hata kama ingekuwapo, tukio lenyewe halikuwa hivyo. Bila mwalimu tungesahihisha silaha na kuiacha picha ya ofisa shujaa palepale, akiwa na rivolva badala ya Borchardt.

Pia nadhani tulipata uhusiano wa kweli tulipoacha kuulazimisha. Goti lile la chuma lililopunguzwa na Borchardt ni lile lile la Maxim. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki mbili za mashine, wakafa kwa mamia. Anayetaka kujua viwanda vya Berlin vilikuwa na uhusiano gani na maisha ya watu wa Afrika Mashariki aanzie hapo. Nilipendekeza chati ya chumba cha ufundi iseme hivyo waziwazi, na sasa inasema, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine mbili.

Kilichoshindikana ni jinsi familia ilivyopewa habari. Walipata barua pepe baada ya kadi mpya kuchapishwa. Watu ambao babu yao alitajwa kwa jina ndani ya kabati kwa miaka mingi walistahili kuitwa, kuonyeshwa maandishi kwenye chuma na daftari la kupokelea, na kuambiwa kinywani mwa mtu kwamba hakuna anayewaita waongo. Fundi silaha angewaeleza kwa dakika kumi. Hili lilikuwa jambo la kupanga tangu siku ile tulipokaa mezani, wala halikuhitaji fedha. Barua za mzee zingeweza kutufundisha mengi kuhusu pwani ya 1889 kuliko silaha yoyote.

Lingine lililoshindikana ni picha. Jumba liliondoa kadi ya zamani kwenye katalogi yake ya intaneti, lakini nakala zake zimebaki kwingine, na nyingine zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili na watu wasiojulikana, wakiongeza ya kwao. Nimeona moja inayosema bastola hiyo ilikuwa ya Abushiri mwenyewe. Jumba sasa lina ukurasa wa marekebisho wenye picha ya kadi mbovu iliyopigwa mstari mwekundu, ili anayetafuta ile ya zamani akutane na hii kwanza. Mwalimu wa Pangani naye amewagawia nakala walimu watatu wa sekondari anaowafahamu.